Hita Kwenye Soketi Nyekundu

Umeme ulikatika asubuhi, wodi zikiwa zinadekiwa na foleni ya maabara imeshafika nje ya mlango. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi, nyuma ya stoo ya dawa, nimevaa koti kwa sababu ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya haihitaji maelezo. Taa ilizimika. Sikushtuka. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Iyunga, karibu na barabara kuu, na kazi yangu pale ilikuwa kutunza seva. Mtunza seva wa mikoa yetu akishtuka kila umeme unapokatika atakufa kwa presha kabla hajastaafu. Nilisikia UPS, mtambo wetu wa betri za akiba, ikilia, ile milio mifupi ya kuonya kwamba sasa tunatumia betri. Nikapiga hesabu kichwani: betri zinatupa nusu saa, jenereta ikiwaka vizuri hatutazihitaji zote, na jenereta ikigoma ninao muda wa kuzima kila kitu kwa utaratibu. Nikaendelea na chai yangu.

Sijamaliza kikombe, milio ikakoma, na kikafuata kimya. Asiyefanya kazi hii hawezi kukijua kimya kile. Feni za seva huvuma mwaka mzima mpaka unaacha kuzisikia. Zikinyamaza zote kwa mara moja unadhani masikio yako ndiyo yameziba. Betri zilizopaswa kutuvusha nusu saa zilikuwa zimekwisha kabla chai haijapoa.

Nieleze kidogo tulikuwa na nini mle ndani, ili hasira yangu ieleweke. Tulikuwa na seva tatu za chuma zimepangwa kwenye rafu moja, na chini yake kabati la diski ambalo zote tatu zilihifadhi humo mambo yao. Ndani ya seva hizo kulikuwa na mashine nyingine usizoweza kuzigusa kwa mkono, mashine pepe: ya maabara, ya famasi, ya picha za eksirei, ya mapokezi, na nyingine za kuzisaidia hizo. Seva moja ikiugua, mashine pepe zake zinahamia kwa wenzake na kazi inaendelea, daktari hata hajui. Ni mpango mzuri sana. Lakini haupendi kukatwa ghafla. Kila mashine inapofanya kazi kuna mambo imeyashika kichwani ambayo bado haijayaandika kwenye diski. Ukiipa nafasi, inaandika, inafunga, inalala. Ukiikata, yaliyokuwa kichwani yamepotea, na yaliyokuwa yanaandikwa yamebaki nusu. UPS haikununuliwa ili iendeshe hospitali. Ilinunuliwa ili itupe nafasi ya kulala vizuri.

Jenereta iliwaka, lakini tumeshachelewa. Seva zikaamka zote kwa pamoja, kila moja na lake. Mashine ya maabara iliamka kabla ya ile inayoitunzia kumbukumbu, ikaita, haikujibiwa, ikakaa. Mashine ya picha ilitafuta kabati la diski wakati kabati lenyewe bado linajikagua, ikakata tamaa na kuniachia skrini nyeusi. Nilifanya kazi nimepiga magoti sakafuni mpaka mchana. Maabara na famasi nilizirudisha kutoka kwenye nakala. Picha zote za eksirei zilizopigwa asubuhi ile zilikuwa zimekwenda.

Nilipotoka kunyoosha mgongo nilimkuta mwanamke wa rika langu amesimama kwenye korido na baba yake. Mzee alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kifuani, umefungwa kwa kipande cha kitenge, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba. Waliambiwa wanitafute mimi.

"Dada, ndiye wewe wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Tumetoka Nyololo. Baba aliangukiwa na gogo, wakati wanapakia lori. Wamempiga picha asubuhi, nimeona mwenyewe wakimpiga. Sasa wanasema picha haipo."

"Umeme ulikatika kabla haijahifadhiwa," nikasema. "Pole sana. Itabidi apigwe tena."

Mzee aliniangalia. Hakuwa na ukali wowote. "Umeme umekatika, sawa," akasema. "Mkono wangu si upo? Nipigeni."

Nikamwambia mashine ya kupokea picha bado haijaamka. Nikarudi ndani nikaiamsha, ikachukua muda wake, na ilipokuwa tayari daktari wa mifupa alikuwa ameshaondoka, kwa sababu alikuwa anakuja siku moja kwa wiki na anaondoka mchana kwenda hospitali nyingine. Mzee alipigwa picha ya pili. Akaambiwa hakuna wa kuisoma mpaka wiki ijayo, arudi. Nilimwona binti akimfunga baba yake kile kitenge upya, kwa uangalifu, kisha wakatoka getini kwenda kungoja gari la kuwarudisha.

Mchana ule ule nilimwita fundi umeme wetu, mtu mzima, Msafwa wa hapo hapo mjini, tuliyezoeana kiasi cha kugombana bila kununiana. Nilimwambia kuna kitu kinakula betri zangu na nataka kukijua leo. Tulianza kwenye UPS tukafuata waya. Waya wa UPS ulitakiwa kwenda chumba cha seva, maabara na dirisha la famasi, basi. Soketi zake zilipakwa rangi nyekundu ili mtu asichanganye. Tuliufuata juu ya dari, na nikaona umechepuka, waya mpya, mweupe bado, unaelekea jengo la utawala. Fundi akaanza kukohoa.

"Unajua unakokwenda," nikamwambia.

"Najua."

"Kwa nani?"

"Kwa katibu. Na wahasibu kidogo."

Katibu wa hospitali ndiye aliyekuwa bosi wetu sote wawili. Tulikwenda ofisini kwake akiwa ametoka. Pembeni ya meza, kwenye soketi nyekundu inayong'aa, kulikuwa na hita ya mafuta, kubwa, ya magurudumu, na juu ya kabati birika la umeme. Hita ilikuwa inawaka bila mtu ndani.

"Aliniambia amesikia zile soketi nyekundu hazizimiki umeme ukikatika," fundi akasema. "Akasema basi na yeye awekewe."

"Na wewe hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo."

"Sasa ningefanyaje? Yeye ndiye anayesaini likizo zangu."

Nilimkasirikia fundi kwa muda mfupi tu. Hasira iliyobaki ilikuwa ya katibu, na nilimngojea arudi.

Katibu alikuwa mtu msomi, mwenye sauti ya taratibu, anayevaa sweta chini ya koti la suti. Alinikaribisha vizuri. Nikamweleza. Nikamweleza kwa lugha nyepesi kama nilivyoeleza hapa, betri ni za nini, hita inakula nini, asubuhi ile kumetokea nini. Alisikiliza mpaka mwisho, miguu yake ikiwa imeelekezwa kwenye ile hita.

"Hospitali nzima ina mashine ngapi?" akauliza. "Na unaniambia hita yangu moja ndiyo imeangusha seva?"

"Hita hiyo inakula umeme mwingi kuliko seva zote tatu."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Miguu yangu ina matatizo, dada. Daktari kaniambia baridi siyo nzuri kwangu."

"Umeme ukiwepo washa hita kwenye soketi ya kawaida. Ukikatika, izime. Jenereta ikiwaka, washa tena."

"Na muda huo katikati?"

Wodi ya watoto haikuwa na hita hata moja. Akina mama walikuwa wanajifunika na watoto wao kwa mablanketi waliyotoka nayo nyumbani.

Nikahamia ombi la pili. Nilitaka siku moja yenye wagonjwa wachache, tangazo litolewe mapema, kisha nikate swichi ya chumba cha seva kwa makusudi, nikiwa nimesimama pale, nione kama mashine zinalala zenyewe na kuamka zenyewe kwa mpangilio. Bila kufanya hivyo, kila nitakachopanga ni maneno.

"Unataka kuizima hospitali kwa makusudi," akasema.

"Nataka tujizime wenyewe tukiwa tumejiandaa, badala ya kuzimwa."

"Hapana. Kitu kinafanya kazi, usikiguse. Niandikie ripoti."

Niliandika ripoti. Mpaka leo sijui kama iliwahi kusomwa.

Nimefanya kazi na watu wengi wasiojua kompyuta, na sina ugomvi nao. Muuguzi anayeniita kwa sababu kipanya hakiendi, kumbe kimechomoka, mimi humchomekea na tunacheka. Hasira niliyokuwa nayo mwaka ule ni ya aina nyingine. Ilikuwa kwa mtu aliyeelezwa, akaelewa, na kisha akachagua miguu yake. Nilikuwa naamka nayo. Nilikuwa nikiosha vyombo nyumbani najikuta namjibu katibu kwa sauti, mume wangu ananitazama kutoka sebuleni.

Nilifanya yale niliyoweza kufanya bila ruhusa. Kwanza nilivuta waya wa mtandao kutoka kwenye UPS hadi kwenye seva, kwa sababu waliotufungia waliacha tundu lake limezibwa na kifuniko cha plastiki. UPS ilikuwa inalia kwa sauti tu kama mtoto, mashine hazikuwa na njia ya kusikia. Kisha nikatengeneza mpangilio. Betri zikifika nusu, mashine wanazotumia watu zinajifunga kwanza: mapokezi, famasi, maabara, picha. Zikimaliza, zinafuata zile zinazotunza kumbukumbu. Halafu ile inayozitambulisha mashine zote kwa wenzao, kwa sababu isipokuwepo hakuna anayemjua mwingine. Halafu seva za chuma. Kabati la diski la mwisho. Kuamka ni kinyume chake, kabati kwanza, watu mwisho. Kwenye skrini mpangilio ule ulipendeza. Kama unafanya kazi kweli, sikuwa na namna ya kujua.

Miezi michache baadaye nilitumwa Mafinga. Hospitali ilikuwa na kituo chake kidogo cha afya kule, na kilikuwa kimepewa seva mbili tulizoacha kuzitumia sisi. Kazi yangu ilikuwa kuzifunga. Nilipanda basi la asubuhi, na kabla ya Mafinga nikashuka Nyololo. Hakuna aliyenituma. Nilijua tu kwamba mzee yule hakurudi, kwa sababu nilikuwa nimeangalia, na picha yake ya pili ilikuwa bado inakaa kwenye mashine bila kufunguliwa na mtu.

Haikuwa kazi kuwapata. Nyololo watu wanajuana, na mzee aliyeangukiwa na gogo mkononi alikuwa mmoja tu. Binti yake alikuwa na mgahawa wa chai na vitumbua karibu na magari ya mbao yanapoegeshwa. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Kamwene, dada wa kompyuta."

"Kamwene. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo. Anakaa pale kwenye mbao, analinda." Akanimiminia chai bila kuniuliza. "Mbeya alikataa kurudi. Alisema wameshampiga picha mara mbili, wanataka nini tena. Na nauli, na kulala kule. Kuna mtu hapa anafunga mifupa, akamfunga."

"Mkono umepona?"

"Umeshika. Lakini umeshika vibaya, vidole havikunji. Msumeno hawezi kushika, hata jembe." Alisema hivyo huku anageuza vitumbua, kwa sauti ile ile. "Ndiyo hivyo. Umeme ni mambo ya Mungu."

"Si mambo ya Mungu," nikasema.

"Ni ya nani basi?"

"Ya mtu mwenye hita."

Alicheka. Alidhani namtania. Mimi nilishindwa hata kutabasamu, nikanywa chai yake nikaangalia upande wa zile mbao. Mzee alikuwa amekaa juu ya ubao, amevaa kofia ya sufu, mkono wa kulia umelala mapajani. Alininyanyulia wa kushoto. Ningeweza kuwalaumu kwa kutorudi, na najua wapo ofisini kwetu ambao wangesema hivyo. Lakini mtu akipoteza siku mbili na picha yake ikapotezwa, halafu akaambiwa aje apoteze siku mbili nyingine, mimi siwezi kumwambia kitu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hawakuwa na hasira. Hasira yote nilikuwa nimeibeba mimi, mtu ambaye vidole vyake vinakunja.

Mkuu wa kituo cha Mafinga alikuwa mtawa, Sista mrefu, mkavu, Mbena, anayetembea haraka kiasi kwamba unaongea naye huku unakimbia kidogo. Nilifunga zile seva mbili, nikaziwekea mashine zake pepe, nikaweka UPS. Kisha nikamweleza habari ya kujaribu, nikiwa nimeshajiandaa kwa mabishano.

"Unataka kuzima lini?" akauliza.

Nilibaki nimesimama. "Siku yoyote inayokufaa, Sista."

"Jumamosi, kliniki ya akina mama ikiisha. Watu wa maabara nitawaambia waandike kwenye karatasi."

Jumamosi ile ilikuwa na ukungu, na harufu ya maranda ya mbao kutoka kwenye viwanda vya jirani ilikuwa imejaa hadi ndani. Sista alikuja mwenyewe, akavuta kiti akaketi mlangoni mwa chumba cha seva. Nikakata swichi. UPS ikalia. Tukangoja betri zishuke. Zilipofika nusu, mashine zikaanza kujifunga moja moja kama nilivyopanga, na mimi nikaanza kujisikia mtu. Halafu zikasimama. Seva za chuma zilibaki zinavuma, kabati la diski linavuma, betri zinazidi kushuka, na hakuna kinachotoa amri.

Ilinichukua muda kuelewa. Mashine inayotoa amri za kuzima nilikuwa nimeiweka ndani ya seva zile zile. Ilipowazima wenzake ilijizima na yenyewe, kabla haijamaliza kazi, na nyuma yake hakukubaki mtu wa kusema neno. Mpangilio wa Mbeya ulikuwa hivyo hivyo. Kule, siku umeme ungekatika kweli, ningekuwa nakunywa chai nikiamini tumejiandaa.

"Imeshindikana?" Sista akauliza.

"Imeshindikana. Lakini sasa najua kwa nini."

"Basi ndiyo kazi ya leo hiyo. Rekebisha."

Nilitafuta kompyuta ndogo ya zamani iliyokuwa imelala stoo, nikaiweka pembeni ya seva na kuipa kazi ya kutoa amri. Yenyewe inalala ya mwisho na kuamka ya kwanza. Tukangoja betri zijae, mimi na Sista tukala viazi na maharage jikoni kwao. Tukazima tena. Safari hii zilijifunga zote, mpaka kabati la diski, mpaka kimya, na betri zilikuwa bado na akiba. Nikarudisha umeme, zikaanza kuamka.

"Umeme wa hapa ukirudi haukai," Sista akasema kutoka kwenye kiti chake. "Unarudi, unakata, unarudi tena ndipo unatulia. Hizi zitaamka kila mara?"

Zingeamka kila mara, na katikati ya kuamka zingekatwa, betri zikiwa tupu. Nikaongeza sharti: umeme ukirudi, hakuna kuamka mpaka betri zijae kiasi cha kutosha kuzima upya. Tukajaribu na hilo. Jua la jioni lilitukuta tumemaliza. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na papo hapo hasira ikanirudia, kwa sababu nilikuwa nimeona inavyotakiwa kuwa. Ilihitaji mkubwa mmoja wa kusema Jumamosi.

Niliporudi Mbeya nilirekebisha kosa lile la mpangilio, nikaenda kwa katibu na habari za Mafinga. Aliniambia Mafinga ni zahanati tu, hii ni hospitali. Nikamuuliza kuhusu hita. Akasema suala hilo tulishalimaliza.

Basi nikamwendea fundi. Nilimwambia nataka ule waya mweupe ukatwe pale unapochepukia, na nitasaini mimi kwamba nimeagiza mimi.

"Utasaini kweli?"

"Nitasaini."

"Kwa kalamu ya wino?"

"Hata kwa dole gumba ukitaka."

Aliukata Jumamosi, akauviringisha vizuri akaniletea. Jumatatu katibu aliwasha hita, haikuwaka. Kufika mchana nilikuwa nimeshaitwa kwenye kikao.

Tulikaa chumba cha mikutano: katibu, mganga mkuu wa hospitali ambaye kwa kawaida haongei vikaoni, muuguzi mkuu na mimi. Katibu alieleza kwa utaratibu wake kwamba nimeharibu mali ya hospitali na kuvuka madaraka yangu. Yote mawili yalikuwa na ukweli kiasi, na alijua kuyapanga. Nilipopewa nafasi, sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nilisema habari ya mzee wa Nyololo. Nilisema vidole havikunji. Katibu akasema haistahili kuleta hisia kwenye jambo la kiutawala.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu umeme ulipokatika.

Hakuna aliyeshtuka. Muuguzi mkuu alisogeza pazia ili tupate mwanga, na katibu akaendelea kuongea. Tulingoja muungurumo wa jenereta, haukuja. Baadaye tuliambiwa ilikuwa na hewa kwenye mafuta. Dakika zilikuwa zinakwenda, na simu yangu mezani ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimepanga kila mashine ikilala initumie ujumbe.

"Weka simu mbali, tafadhali," katibu akasema.

Niliisukuma katikati ya meza, uso juu. Mapokezi imelala. Maabara imelala. Mganga mkuu aliinama akasoma. Famasi. Picha. Akauliza hizo ni nini, nikamwambia ni mashine zinajizima zenyewe, zikiwa zimehifadhi kila kitu. Akauliza mara ya mwisho zilifanyaje. Nikamwambia mara ya mwisho hazikufanya kitu, zilikatwa. Aliendelea kuangalia ile simu hadi kabati la diski lilipoaga.

Jenereta ilipokubali, mashine zilingoja betri zijae, kisha zikaamka. Si zote. Ya famasi iligoma, kwa sababu niliipa muda mfupi mno wa kumngojea mwenzake anayetunza kumbukumbu, na ilibidi nitoke kikaoni nikaiamshe kwa mkono, huku dirishani watu wa famasi wakilalamika kwamba wanaandika dawa kwenye makaratasi. Lakini hakuna kilichopotea. Hakuna mgonjwa aliyetolewa damu mara ya pili kwa sababu majibu yake hayaonekani.

Niliporudi kikaoni walikuwa wameshaamua. Mganga mkuu ndiye aliyeongea. Alisema jaribio la kuzima na kuwasha litafanyika kila baada ya miezi mitatu, siku ya Jumamosi, na kwamba soketi nyekundu ni za mashine tu. Kisha akasema mimi nitapewa barua ya onyo, kwa kukata umeme wa ofisi bila idhini.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na nimepewa onyo," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Yote mawili."

Barua ile nilipewa, ikawekwa kwenye faili langu, na imo mpaka sasa. Katibu hakuwahi kulizungumzia jambo lile tena. Tukikutana koridoni anasalimia kwa adabu, nami naitikia kwa adabu, na hakuna kati yetu anayepunguza mwendo.

Jaribio la kwanza la hospitali nzima lilifanyika kwenye mvua. Tangazo lilibandikwa wiki nzima, likasomwa kwenye spika asubuhi, na bado nilipokata swichi alikuja daktari kijana amefura, stetoskopu shingoni, akaniuliza kwa nini tunawasumbua watu wakati umeme upo.

"Kwa sababu upo," nikamwambia. "Ukiwa haupo hutakuja kuniuliza, utakuja kunililia. Rudi wodini, andika kwenye karatasi, baada ya nusu saa utaona mambo yako yote."

Alisema nina lugha mbaya. Nikamwambia ninayo. Fundi, aliyekuwa amesimama karibu na jenereta na kandambili zake, aliangalia pembeni.

Mashine zote zililala, zote zikaamka, famasi ikiwemo. Nilifunga chumba, nikapanda bodaboda kwenye manyunyu mpaka nyumbani, nikalala mchana kutwa na nguo zangu za kazi. Nilipoamka bado nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa pia. Mume wangu aliuliza kama imefanya kazi. Nikasema imefanya. Akanisogezea kisu na ndizi, tukaanza kumenya.